Kiungo kilichokatika Mikindani: kisa cha nyumba ya wageni iliyopotea kwenye Google

Mama aliyenipigia simu mwezi wa tatu alikuwa na swali moja. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, wageni wangu wameenda wapi?"

Nyumba yake ya wageni ipo Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini: vyumba sita, baraza linalotazama ghuba, na samaki anayepikwa kwa nazi ukitoa taarifa asubuhi. Kwa miaka saba wageni wake wengi walimfikia kwa njia moja. Waliandika "Mikindani" na neno jingine kwenye Google, wakaiona tovuti yake ukurasa wa kwanza, wakamtumia ujumbe. Ndani ya miezi michache tovuti ikashuka mpaka kurasa ambazo hakuna mtu anayefika. Wageni wachache waliobaki walikuwa wanapitia mitandao mikubwa ya kuweka nafasi, na kila usiku wanaolala mtandao unakata kamisheni yake.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la nyumba, kwa sababu dawa aliyouziwa inauzwa kwa wenye biashara wengi huku kusini. Dawa yenyewe ni viungo, au linki kama tunavyosema kila siku: tovuti za watu wengine kuelekeza msomaji kwenye tovuti yako.

Mwanawe yuko Dar es Salaam. Alipoona tovuti imeshuka aliuliza huku na huku, akaambiwa kwamba tatizo ni uhaba wa viungo. Akapata muuzaji mtandaoni, akalipia fungu la viungo 500. Akapewa na orodha nzuri yenye safu ya alama, kila tovuti na namba yake kati ya 1 na 100, kuonyesha kwamba viungo vinatoka mahali penye nguvu. Miezi mitatu baadaye tovuti ya mama yake ilikuwa chini zaidi ya pale alipoikuta.

Kijana huyu hakukosea kuamini kwamba viungo vina uzito. Vina uzito kweli, na bila kuelewa uzito huo unatoka wapi huwezi kuona kosa lilipo. Kabla ya Google, injini za utafutaji zilitegemea zaidi maneno yaliyomo kwenye ukurasa wenyewe. Aliyerudia neno "hoteli" mara mia alionekana anajua habari za hoteli kuliko wote. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, waligeuza swali: badala ya kuusikiliza ukurasa unavyojisema, sikiliza kurasa nyingine zinasema nini juu yake. Hesabu yao waliyoieleza kwenye andiko la 1998 waliiita PageRank.

Chukua mfano wa hapa hapa. Mgeni anafika Mikindani anatafuta fundi wa mashua. Anauliza watu kumi, saba wanamtaja fundi mmoja. Hiyo ni habari. Lakini nahodha mzee aliyevuka na mashua hizo miaka arobaini akitaja jina, neno lake linapita la kijana aliyeshuka kwenye basi jana, na uzito wa nahodha nao umetokana na watu wanaomheshimu. Tena kuna yule anayetaja kila fundi wa pwani nzima, kuanzia Msimbati hadi Kilwa. Neno lake halikusaidii, kwa maana amelimega vipande vingi mno.

Hayo yote matatu yamo kwenye hesabu: idadi ya wanaokuelekeza, uzito wa kila anayekuelekeza, na kugawanya uzito huo kwa idadi ya viungo vilivyomo kwenye ukurasa wake. Waandishi wale walitumia kizidisho cha 0.85, wakimfikiria msomaji ambaye mara nyingi hufuata kiungo kilicho mbele yake na mara chache huruka kwenda kwingine. Ukurasa wenye uzito wa 1 na viungo vitano unatoa 0.85 ÷ 5, yaani 0.17 kwa kila kimoja. Ukurasa wenye uzito ule ule na viungo 200 unatoa 0.00425. Tofauti ni mara arobaini, na hapo tumeufanyia wema huo ukurasa wa viungo 200, maana kurasa zinazotengenezwa kwa ajili ya kuuza viungo hazina wa kuzielekeza, kwa hiyo hata huo uzito wa 1 hazina. Google ya leo inatazama mambo mengi sana zaidi ya hesabu hii ya mwanzo, lakini mantiki ya kushuhudiwa na wengine bado imo.

Kuhusu zile alama kati ya 1 na 100, iliyozoeleka zaidi inatoka kampuni ya Moz, na zipo nyingine za aina hiyo. Ni makadirio ya kampuni za nje. Google haizitumii. Muuzaji anaweza kukuonyesha tovuti ya alama 50 ambayo machoni pa Google haina kitu.

Nilikwenda Mikindani Jumamosi, nikaweka kompyuta kwenye meza ya barazani, nikamwomba mwanawe anipe kwa simu ruhusa ya kuingia Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwao. Nilianza na tarehe. Grafu ya watu waliobonyeza ilikuwa imelala sawa kwa muda mrefu, kisha ikavunjika Julai. Viungo vilinunuliwa Novemba. Anguko la pili, Februari, ndilo lililofuata ununuzi. Kwa hiyo tulikuwa na magonjwa mawili, na dawa iliyonunuliwa kutibu la kwanza ndiyo iliyoleta la pili.

Nikamuuliza mama, "Mwezi wa sita kulitokea nini?"

"Hakuna kitu," akasema, kisha akafikiri. "Mwezi wa sita ndipo tulipopata tovuti mpya."

Ile ya zamani ilikuwa haisomeki vizuri kwenye simu, kwa hiyo walimlipa fundi akatengeneza nyingine. Ilikuwa nzuri kweli, picha kubwa, kitufe cha WhatsApp pembeni. Nikafungua ripoti ya kurasa zisizopatikana, zile zinazorudisha namba 404. Kulikuwa na anwani kumi na nne, na moja nilipoisoma kwa sauti mama akaitika kabla sijamaliza: "Hiyo ya bamvua!"

Hapa nitakaa kidogo.

Miaka ya nyuma alikaa kwake mwanafunzi aliyekuwa akitafiti matumbawe. Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa 2000, na watafiti wa aina hiyo hupita Mtwara mara kwa mara. Mwanafunzi yule alichoshwa na kuamka alfajiri akakuta maji yamejaa. Mama akamweleza yale ambayo kila mtoto wa pwani anayajua: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji hutoka mbali sana, hiyo ndiyo bamvua, na miamba hufunuka ukatembea kwa miguu, katikati yake ni maji mafu, usijisumbue. Kaka yake mama, mvuvi, akaongeza mahali pa kupita na mahali pa kuogopa, penye miba. Mwanafunzi akaandika yote kwenye ukurasa mmoja wa tovuti, pamoja na siku za bamvua kwa mwaka mzima na maelezo ya nyangumi wanaopita pwani yetu wakati wa kusi. Mama akawa anabadilisha tarehe kila mwaka.

Ukurasa ule haukumtaka mtu alale popote. Ulikuwa unajibu swali ambalo mgeni wa pwani analo na hajui amuulize nani. Ndiyo maana watu waliuelekeza: kikundi cha watafiti wa bahari kwenye chuo kikuu cha nje, mwalimu wa jiografia aliyekusanya mifano ya maji kupwa na kujaa, wasafiri wawili wa baiskeli waliotoka Dar es Salaam kwenda Msumbiji, na wengine tisa au kumi. Hakuna aliyeombwa wala kulipwa. Kisha ukurasa wa bamvua ulikuwa na viungo vyake vya ndani kwenda ukurasa wa vyumba, wa bei na wa namna ya kufika. Uzito ulioingia kwa bamvua ulikuwa unatiririka mpaka vyumbani, na mama hakujua. Alidhani Google inampenda kwa sababu ya picha za vyumba.

Fundi wa tovuti mpya aliona ukurasa mrefu wa maneno bila picha, akauacha. Kurasa nyingine alizichukua lakini akazipa anwani mpya bila kuelekeza zile za zamani. Tangu siku ile, kila aliyefuata kiungo cha mwalimu au cha watafiti aligonga mlango usiokuwepo. Google nayo iligonga, ikarudi tena, ikagonga, na baada ya muda ikaacha kuuhesabu ushahidi wa kitu ambacho hakipo. Tovuti ilikuwa imepoteza mashahidi wake wote kwa siku moja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemkana.

Hilo ndilo lilikuwa anguko la Julai. La Februari nililikuta kwenye sehemu ya hatua za mikono, mahali ambapo Google huandika pale ambapo mtu, si programu, ameikagua tovuti na kuitia doa. Ujumbe ulisema kuna viungo visivyo vya asili vinavyoelekezwa kwenye tovuti hii.

Nikafungua orodha ya viungo 500. Ningependa kila anayefikiria kununua aione orodha ya namna hii japo mara moja. Kulikuwa na tovuti ya kamari, ya vidonge vya kupunguza mwili, ya mapishi ambayo mapishi yake yote yamefasiriwa na mashine mpaka hayapikiki, na makumi ya tovuti zenye sura moja na rangi tofauti. Na maneno ya kubonyeza, yale maandishi yenye kiungo ndani yake, yalikuwa yale yale karibu kila mahali: "hoteli bei nafuu Mtwara". Linganisha na wale walioelekeza ukurasa wa bamvua kwa hiari yao. Mmoja aliandika "siku za maji kupwa Mikindani", mwingine jina la nyumba, mwingine "hapa", mwingine akabandika anwani yenyewe. Watu mia wasiojuana hawawezi kukusifu kwa sentensi moja isiyobadilika hata herufi. Ukisikia hivyo msibani au sokoni unajua wamefundishwa, na injini ya utafutaji imejengwa iweze kujua hivyo hivyo.

Vita hivyo si vya jana. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana juu ya alama ya nofollow, inayomwezesha mwenye ukurasa kuweka kiungo huku akisema kwamba kisihesabiwe kama ushahidi. Aprili 2012 Google ilitoa Penguin, programu ya kuwakabili waliojijengea viungo bandia, na tovuti nyingi zikaporomoka. Septemba 2016 Penguin ikaingizwa ndani ya mtambo mkuu, na tangu hapo kwa kawaida viungo bandia havihesabiwi tu, badala ya kuishusha tovuti nzima. Mwaka 2019 zikaongezwa alama mbili: moja ya viungo vilivyolipiwa, nyingine ya vile vinavyowekwa na watumiaji kwenye maoni na mabaraza. Kwa hiyo anayenunua fungu la viungo leo, mara nyingi hela yake imezama baharini bila hata kufanya wimbi. Mara chache, kama kwa mama yetu, mkaguzi huja mwenyewe na kuacha doa.

Kazi ya kurekebisha tuliianza kwa ugonjwa wa kwanza, na nasisitiza mpangilio huu kwa sababu mwanawe alitaka tuanze na doa. Doa lilikuwa linatisha zaidi. Lakini hata likifutwa, tovuti ingebaki bila mashahidi wake.

Nakala ya ukurasa wa bamvua tuliipata kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za kurasa za zamani za mtandaoni, yote, pamoja na sentensi za mjomba. Tukaurudisha kwenye anwani ile ile ya zamani, herufi kwa herufi. Kurasa nyingine kumi na tatu tuliziwekea maelekezo ya kudumu, yale ya namba 301, kila moja kwenda kwenye ukurasa mpya unaofanana nao: bei kwenye bei, njia ya kufika kwenye njia ya kufika. Fundi alipendekeza tuzipeleke zote ukurasa wa mbele, imalizike. Nilikataa. Google huona elekezo la namna hiyo kama ukurasa usiopatikana, na msomaji aliyefuata habari za nyangumi akatupwa mbele ya picha ya kitanda ataondoka.

Kisha tukarudi kwenye doa. Mwanawe alimwandikia muuzaji aviondoe, hakujibiwa. Tukaandika kwa wenye tovuti zilizokuwa na anwani ya barua pepe, wachache wakaviondoa, mmoja akadai alipwe ili akiondoe, tukamwacha. Vilivyobaki tuliviandika kwenye faili la maandishi la kuvikana, chombo ambacho Google ilikitoa Oktoba 2012, mstari mmoja kwa kila tovuti. Halafu tukatuma ombi la kuangaliwa upya. La kwanza likakataliwa. Nikilisoma sasa naona sababu: tulijitetea mno, kwamba hatukujua, kwamba tuliuziwa. La pili lilisema tulinunua, lini, tumefanya nini, na hiki hapa tulichoshindwa kuondoa. Hilo lilikubaliwa baada ya wiki tatu.

Niseme pia kwamba faili la kuvikana si sabuni ya kufulia kila wiki. Kama tovuti yako haina doa na hujawahi kununua viungo, liache. Nimewaona watu wakiwakana mashahidi wao wa kweli kwa sababu tu tovuti ya shahidi ilikuwa na sura ya kizamani.

Wakati tunasubiri, nilimuuliza mama ni nani wengine wanaomtaja. Akaleta daftari la wageni. Ndani yake kulikuwa na majina ya waliowahi kuandika makala kuhusu Mikindani, kuhusu nyumba za mawe za zamani na safari ya Livingstone aliyepita hapa 1866 kuelekea bara. Tulipotafuta makala zao tukakuta watano walitaja nyumba yake kwa jina bila kuweka kiungo. Nikawaandikia kila mmoja kwa mistari miwili, nikamshukuru na kumuuliza kama angependa wasomaji wake waweze kufika. Watatu waliweka. Hiyo si hila. Mtu alishakusifu, unamwomba aonyeshe na mlango.

Mama aliuliza kuhusu halmashauri, kwa sababu ameambiwa kiungo kutoka anwani inayoishia .go.tz ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Mwisho wa anwani peke yake hauna nguvu ya pekee. Tovuti za serikali huwa na uzito kwa kuwa nazo zimeelekezwa na watu wengi. Kama halmashauri ina orodha ya mahali pa kulala na wewe upo pale kihalali, omba uwekwe, itakuletea wageni hata kama Google isingekuwepo. Na habari zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ambako nyumba yake inasifiwa sana, Google haizioni kabisa. Zinaleta wageni, ila hazijengi ushahidi wa mtandaoni.

Matokeo yalikuja polepole. Ukurasa wa bamvua ulirudi kwanza, kabla hata doa halijafutwa. Utafutaji wenye neno Mikindani ulirudi karibu wote kufikia Agosti, katikati ya kusi, na wageni wanaomwandikia moja kwa moja wakarudi nao. "Hoteli Mtwara" haikurudi, na sitarajii. Mahali pale wamejaa wale wenye mitandao mikubwa ya kuweka nafasi, yenye viungo kutoka dunia nzima, na nyumba ya vyumba sita haina sababu ya kugombana nao hapo. Mwanawe bado anasikitika kwa hilo. Mimi naona neno "Mikindani" linamtosha mama yake.

Kitu kimoja kinanisumbua. Kiungo cha watafiti, kile chenye uzito kuliko vyote, kimo pia ndani ya ripoti yao ya PDF iliyokwisha kuchapishwa. Ripoti ile haitabadilishwa. Anwani ya zamani ya ukurasa wa bamvua lazima iendelee kufunguka, mwaka huu na miaka ijayo, hata siku atakapokuja fundi mwingine na tovuti nzuri zaidi. Na domeini yenyewe, yaani jina la tovuti, lazima ilipiwe. Ikipita muda wake bila kulipiwa, kuna watu wanaosubiri majina ya namna hiyo, wayachukue kwa ajili ya viungo vilivyomo, waweke kamari. Google imeutaja mchezo huo waziwazi kwenye sera zake za Machi 2024, lakini sera haitamrudishia mama jina lake.

Malipo ya domeini yalikuwa yanakwenda kwa barua pepe ya fundi wa kwanza, ambaye sasa hapatikani hata kwa simu. Tumeyahamishia kwa mama. Nimeiandika tarehe kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani pale mapokezi, ile ambayo yeye mwenyewe huizungushia siku za bamvua kwa kalamu ya bluu.